Programu za Windows katika Kompyuta ya Linux: Suala la Hazina ya Maneno ya Kisukuma cha Bariadi

Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu ya Mkoa wa Shinyanga na, kwa upande wa Busega, sehemu ya Mkoa wa Mwanza. Makao yake makuu ni mji wa Bariadi. Watu wake walio wengi ni Wasukuma, na usemi wa Bariadi na vijiji vinavyouzunguka mji huo ni ule uitwao na wenyewe Ginantuzu. Kisukuma ni lugha kubwa kwa wingi wa wasemaji, lakini si lugha iliyoandikwa sana. Irvine Richardson alichapa uchunguzi wake wa toni za Kisukuma mwaka 1959, na Herman Batibo akatoa maelezo yake ya lugha hiyo kwa Kifaransa mwaka 1985. Hata hivyo maneno mengi ya ufugaji, ya kilimo cha pamba, ya ngoma na ya tiba bado yamo vinywani mwa wazee na katika madaftari ya watu waliopata kuwauliza.

Katika miaka hii ya karibuni madaftari hayo yamekuwa mafaili ya kompyuta, na hapo limezuka tatizo ambalo wataalamu wa lugha hawakulizoea. Daftari husomwa na yeyote ajuaye kusoma. Faili la kompyuta huhitaji programu, na programu nayo huhitaji mfumo endeshi ambao ilitungiwa. Mfumo huo ukiondoka, faili lipo lakini halisomeki, au, jambo lililo baya zaidi, lasomeka kwa makosa ambayo msomaji hayatambui.

Na achukuliwe, kwa mfano, mtafiti aliyekusanya msamiati wa Ginantuzu katika vijiji vya Bariadi na Itilima miaka kumi na mitano iliyopita. Yaelekea aliuweka katika programu iitwayo Toolbox, iliyotengenezwa na shirika la SIL na kutumiwa kwa muda mrefu na watunga kamusi wengi wa lugha za Afrika. Yaelekea vilevile kwamba kompyuta yake ilikuwa ya Windows. Sasa kompyuta ile imezeeka. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4 pamoja na aina za vichakato ambazo mashine nyingi za zamani hazina. Kununua mashine mpya ni gharama. Kuiwekea ile ya zamani mfumo wa Linux, usiolipiwa na usiodai nguvu nyingi, ni jambo rahisi. Lakini Toolbox ni programu ya Windows. Je, yawezekana kuiendesha ndani ya Linux? Jibu ni kwamba yawezekana. Lakini anayetaka kuuamini msamiati wake baada ya safari hiyo yampasa kujua ni kitu gani hasa kinachotendeka.

Watu wengi hudhani kwamba programu ya Windows na programu ya Linux zimeandikwa kwa lugha mbili tofauti za mashine. Sivyo. Ikiwa kompyuta zote mbili zina kichakato cha aina moja, basi amri za kujumlisha, kulinganisha na kuhamisha tarakimu ni zilezile kabisa. Kinachotofautiana kwanza ni bahasha. Faili la programu ya Windows huanza kwa herufi MZ, ambazo ni za kwanza za jina la Mark Zbikowski, mmoja wa wahandisi wa zamani wa Microsoft; faili la programu ya Linux hubeba mwanzoni mwake herufi ELF. Linux ikiona MZ haijui la kufanya. Bahasha, hata hivyo, ni jambo dogo, kwani yaweza kufunguliwa na yeyote aliyefundishwa umbo lake.

Tofauti kubwa iko katika maombi. Programu haifanyi kazi peke yake. Ikitaka kufungua faili, kuchora dirisha, kusoma kibonye kilichobonyezwa au kujua ni saa ngapi, haina budi kuuomba mfumo endeshi, nao ndio utendao. Windows ina namna yake ya kuombwa, Linux ina namna yake. Programu ya Windows itakayo kufungua faili huita huduma iitwayo CreateFile iliyomo katika maktaba ya kernel32. Programu ya Linux huita huduma iitwayo open. Nia ni moja, maneno ni mbalimbali, na hata idadi na mpangilio wa mambo yanayotajwa katika ombi haulingani.

Msomaji ajuaye lahaja za Kisukuma atapata hapa mfano wa kumsaidia. Kiambishi cha ngeli kinachotumika kutajia lugha hutamkwa ki- upande mmoja wa Usukuma, gi- kwa Wanyantuzu, na ji- kwa Wakiya wa kusini mashariki. Mtu wa Bariadi amsikiapo mwenzake akitumia kiambishi kingine hasiti. Akili yake hugeuza sauti moja kuwa nyingine bila yeye kujua. Lau tofauti za mifumo endeshi zingekuwa za aina hii tu, kazi ingekuwa nyepesi. Lakini mfano huo hauendi mbali. Yako maombi ya Windows ambayo hayana kabisa mwenzake katika Linux, kama vile yale ya ile sajili kuu ambamo programu nyingi za Windows huandika mipango yao. Hapo mfasiri hana neno la kubadilisha. Lazima ajenge kitu chenyewe.

Kuna njia kadhaa za kulishinda tatizo hili. Ya kwanza ni kuitunga programu upya kwa kila mfumo. Ndivyo walivyofanya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam kwa programu ya Praat, ambayo wachunguzi wa matamshi wanaijua vyema: iko ya Windows, iko ya Mac, iko ya Linux. Ya pili ni kuitungia programu mashine ya kati isiyo ya mfumo wowote, kama ilivyofanyika kwa ELAN ya Taasisi ya Max Planck huko Nijmegen, ambayo inakwenda juu ya Java. Njia hizi ni bora kuliko zote, lakini ziko mikononi mwa mtungaji wa programu, si za mtumiaji.

Mtumiaji anabakiwa na njia mbili. Aweza kujenga ndani ya Linux kompyuta nzima ya kubuni, yenye kumbukumbu yake na diski yake, kisha akaiwekea Windows kamili. Hii ni sawa na mtu aliyehamia ugenini akajenga ndani ya nyumba ya mwenyeji chumba chenye kila kitu cha kwao, hata jiko. Hakuna kinachokosewa, maana anayejibu maombi ni Windows yenyewe. Ila gharama ni kubwa. Windows 10 ya biti 64 hudai walau gigabaiti 2 za kumbukumbu kwa ajili yake peke yake, na mashine nyingi zinazozungumziwa hapa zina gigabaiti 4 kwa jumla. Tena leseni ya Windows bado inatakiwa.

Njia nyingine ni Wine. Kazi hii ilianzishwa na Bob Amstadt mwaka 1993, na tangu mwaka 1994 imeongozwa na Alexandre Julliard. Jina lake ni kifupi cha sentensi ya Kiingereza yenye maana kwamba Wine si mwigaji wa mashine, na mzaha huo una ukweli ndani yake. Wine haiigi kichakato wala haina Windows ndani yake. Huifungua bahasha ya MZ, huipakia programu katika kumbukumbu, na kuiacha itende kazi moja kwa moja juu ya kichakato. Programu inapoita kernel32, hukuta maktaba yenye jina hilohilo, lakini iliyoandikwa na watu wa Wine. Nayo huligeuza ombi kuwa ombi la Linux na kurudisha jibu katika umbo ambalo Windows ingelirudisha. Pembeni huwapo mtumishi mmoja, wineserver, atunzaye mambo ambayo programu kadhaa zinashirikiana. Programu haijui kwamba imehama.

Jambo linalostahili kuangaliwa na mwanaisimu ni jinsi Wine ilivyotungwa. Chanzo cha Windows ni siri ya Microsoft, na kanuni ya watu wa Wine ni kwamba aliyepata kukiona chanzo hicho haruhusiwi kuchangia. Maelezo yaliyochapishwa na Microsoft yapo, lakini hayasemi kila kitu, na mara nyingine husema lisilo. Basi watungaji hutenda vile atendavyo mchunguzi wa lugha kijijini. Huandika swali dogo, hulipeleka kwa Windows halisi, husikiliza jibu, hulinukuu, hubadilisha neno moja katika swali na kuuliza tena. Kutokana na majibu hutunga kanuni, na kanuni hiyo hupimwa kwa maswali mapya. Hata makosa ya Windows hawana ruhusa ya kuyasahihisha, kwa kuwa programu nyingi zimekwisha kuyazoea. Kama vile mtunga sarufi asivyo na haki ya kumrekebisha msemaji wake. Ilichukua miaka 15, hadi Juni 2008, kabla hawajathubutu kuiita kazi yao toleo la 1.0.

Kwa maneno mengine, Wine ni sarufi ya Windows iliyoandikwa kwa kumsikiliza msemaji. Na kila aliyetunga sarufi ya namna hiyo ajua nguvu zake na udhaifu wake. Yale yasemwayo kila siku huwa yamenukuliwa kwa usahihi wa kustaajabisha. Yale ya nadra, ambayo hakuna aliyewahi kuyaulizia, huwa mapengo. Wingi wa maswali haya umetoka kwa watu wenye kazi za ofisi na, zaidi sana, wapenzi wa michezo ya kompyuta. Kampuni ya Valve, iliyotoa Proton mwaka 2018 juu ya msingi wa Wine, imeifaidia sana kazi hii kwa upande huo. Ni wachache mno waliouliza Wine ingefanya nini na irabu saba za Kisukuma zilizowekewa alama za toni.

Hapo ndipo mtunga kamusi wa Bariadi yampasa kuwa macho. Kisukuma kina irabu saba. Maandishi ya kawaida hutumia zile tano za Kiswahili, na msomaji mwenyeji hujijazia mwenyewe. Lakini kamusi ya kitaalamu hutofautisha i na ɪ, u na ʊ, na zaidi ya hayo huonyesha toni, ambayo katika lugha hii ina tabia ya kusikika mbele ya silabi inakotoka. Irabu ɪ yenye toni ya juu haina nafasi yake moja katika orodha ya Unicode. Huandikwa kwa alama mbili, kwanza ɪ, halafu mkwaju wa juu unaopaswa kuketi kichwani mwake. Kwa jicho ni herufi moja. Kwa kompyuta ni mbili. Katika faili la UTF-8 ni baiti nne. Kuuketisha mkwaju mahali pake ni kazi ya maktaba nyingine ya Windows, ambayo Wine nayo imeitunga upya. Mara huketi sawasawa, mara huelea kando au kuangukia herufi inayofuata.

Yafaa hapa kutenga makosa ya aina mbili ambayo watu huyachanganya. Mkwaju unapoelea, kosa ni la kuonyesha. Baiti nne zimo katika faili vilevile zilivyokuwa. Kuweka fonti za Doulos SIL au Charis SIL katika Linux, zisizolipiwa, mara nyingi hutosha kulipunguza. Asiyejua hili huanza kufuta na kuandika upya herufi zisizompendeza, na kwa kufanya hivyo huligeuza kosa la macho kuwa kosa la data.

Hatari kubwa zaidi imo katika mafaili ya kabla ya Unicode. Miaka ya 1990 wanaisimu walitumia fonti za SIL IPA93, ambamo alama za kifonetiki ziliwekwa juu ya nafasi za herufi za kawaida: ɪ ilikaa mahali pa I kubwa, ʊ mahali pa U kubwa. Faili lenyewe liliandikwa I na U. Fonti ndiyo iliyozivika sura ya kifonetiki. Sasa Wine isipoipata fonti inayotajwa, huweka nyingine kimya kimya. Mtumiaji huona I na U kubwa zimejaa katikati ya maneno, hudhani ni uzembe wa mpiga chapa, naye huamuru kompyuta izigeuze zote kuwa ndogo. Katika nukta moja irabu saba zimekuwa tano, wala hakuna ufundi wowote utakaoweza kuzitenganisha tena. Mzee aliyezitamka huenda hayupo. Kwa sababu hiyo mafaili ya zamani ya aina hii yafaa yageuzwe kwanza kuwa ya Unicode, kwa jedwali la kubadilisha, kabla ya mtu yeyote kupewa ruhusa ya kuyahariri.

Kuhusu programu zenyewe za zamani, Wine ina sifa isiyotarajiwa. Windows ya biti 64 haikubali kabisa programu za biti 16, ambazo ndizo zilizotumika wakati wa Windows 3.1, Wine huweza kuendesha nyingi kati ya hizo. Zile za DOS zina chombo chao kingine, DOSBox. Hivyo inawezekana kwamba faili ambalo kompyuta mpya ya Windows hailifungui litafunguka katika kompyuta chakavu ya Linux.

Katika matumizi ya kila siku, mambo machache yanatosha kujulikana. Wine hupatikana katika hazina za aina nyingi za Linux, na huhitaji intaneti hasa wakati wa kuiweka. Huunda folda iliyofichwa iitwayo .wine, na ndani yake folda nyingine inayosimama badala ya diski C ya Windows. Herufi Z huonyesha diski yote ya Linux. Data isiwekwe ndani ya .wine, kwani folda hiyo hufutwa kwa urahisi Wine inapoharibika na kuanzishwa upya. Iwekwe katika folda ya kawaida ya nyaraka na kufikiwa kwa Z. Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili, Windows haitofautishi. Kwa hiyo Kamusi.txt na kamusi.txt zaweza kukaa pamoja katika folda moja, na programu iliyo ndani ya Wine ikaifungua moja tu, huku mtafiti akijaza nyingine. Mtu aweza kupoteza kazi ya wiki nzima kwa njia hiyo asijue imekwenda wapi.

Tena isidhaniwe kwamba Wine ni ngome. Programu iliyo ndani yake ina haki zilezile za mtumiaji aliyeiwasha. Virusi vya Windows viletwavyo na flashi kutoka steshenari havianzi vyenyewe katika Linux, na hiyo ni faida. Lakini anayevibonyeza akaviendesha kwa Wine amevifungulia mlango wa nyaraka zake mwenyewe.

Njia hii ya ukalimani si ya watu maskini peke yao. Microsoft yenyewe ilipotaka programu za Linux ziende ndani ya Windows, mwaka 2016 ilitoa mfumo uliotafsiri maombi ya Linux kuwa ya Windows, yaani Wine iliyopinduliwa. Kufikia mwaka 2019 ilikuwa imetangaza njia nyingine, ya kuweka kiini halisi cha Linux ndani ya kompyuta ya kubuni, kwa kuwa tafsiri ilikuwa na mapengo na kazi za mafaili zilikwenda polepole. Kampuni yenye chanzo chote cha mfumo wake mkononi ilichoka kutafsiri. Watu wa Wine, wasio na chanzo hicho, bado wanaendelea.

Neno moja kuhusu istilahi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux, uliotoa mwaka 2004 programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Kazi hiyo ilionyesha kwamba Kiswahili kina uwezo wa kutaja faili, folda na dirisha bila taabu. Kwa ngazi ya chini zaidi, ambako programu huuomba mfumo, istilahi bado ni chache. Neno ombi limetumika hapa kwa sababu lataja sawasawa uhusiano uliopo: programu haiamuru, huomba, na mfumo waweza kukataa. Neno mwito, ambalo hutumiwa na baadhi ya watu, lina upungufu kwa kuwa anayeitwa si lazima atende.

Kurudi kwa mtunga kamusi. Bahati yake ni kwamba Toolbox huhifadhi kila kitu katika faili la maandishi matupu. Kila kidahizo huanza kwa mstari wenye alama \lx, kikafuatwa na \ps kwa aina ya neno, \ge kwa maana ya Kiingereza, \gn kwa maana ya lugha ya taifa, na kadhalika. Munhu, numba na minzi zote husomeka hata katika kihariri kilicho rahisi kuliko vyote, bila Wine na bila Toolbox. Programu zinazofunga data katika umbo lao la siri hazitoi nafasi hiyo, na anayezitumia yafaa atoe nakala ya maandishi matupu mara kwa mara, wakati programu bado inafunguka.

Kabla ya kuhama, na ihesabiwe katika kompyuta ya zamani idadi ya mistari inayoanza kwa \lx, pamoja na idadi ya kila moja ya irabu saba, zile za toni zikihesabiwa peke yake. Kisha faili linakiliwe, Toolbox iwashwe ndani ya Wine, kidahizo kimoja kibadilishwe na kuhifadhiwa, na hesabu irudiwe nje ya Wine kwa amri ya kawaida ya Linux. Miisho ya mistari yaweza kuwa imebadilika, kwa sababu Windows huimaliza kwa alama mbili na Linux kwa moja. Hilo halina madhara. Lakini ikiwa ɪ zimepungua hata moja, pasipo kuwamo katika kidahizo kile kilichoguswa, nakala hiyo itupwe na ya zamani isifutwe.